Tunawapa Watoto Wetu Moto Gani?

Masomo: Luka 9:51–56, 2 Wafalme 6:8–23, Matendo 8:14–17

 

Tunaendelea na mafundisho yetu ya familia. Wiki hii nimeombwa nijibu swali ambalo limeletwa ofisini na wazazi wawili, kisha mwalimu wa shule ya Jumapili akalileta mara ya tatu. Swali lenyewe ni hili: Pasta, hizi hadithi za Biblia zenye vita na damu, zinaweza kumfanya mtoto awe mkali, apige wenzake?

Mzazi mmoja alipendekeza tuziondoe kabisa kwenye masomo ya watoto mpaka wafike Gredi 6. Mwingine aliposikia hivyo akakasirika. Akasema Neno la Mungu halina kasoro, na anayeliogopa ana shida yake. Wote wawili ni washirika waaminifu. Wanatoa, wanafunga, wanakesha. Kwa hivyo sitamjibu mmoja nimwache mwingine. Tufungue Biblia, tujibiwe sote.

Lakini kwanza mjue swali limetoka wapi, manake wengine mmesikia nusu nusu. Baada ya ibada watoto walikuwa wakicheza nyuma ya kanisa, mchezo wa Daudi na Goliathi. Mmoja alitia jiwe ndani ya soksi, akaizungusha, akaiachilia. Aliyefanywa Goliathi hakuwa ameomba kuwa Goliathi. Ni mtoto mgeni, familia yao imehamia mtaani hivi karibuni, na Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao. Wenzake walikuwa wanamwita "Mfilisti" tangu Jumapili mbili nyuma. Alishonwa nyuzi nne juu ya jicho. Jicho ni zima, tunamshukuru Mungu. Lakini wazazi wake hawajarudi kanisani, na mama yake alituambia tulipomtembelea kwamba mtoto analia akisikia neno Jumapili.

Kwa hivyo hili si swali la kubishania tu. Kuna mtoto anayeiogopa nyumba ya Mungu.

1. Hata wanafunzi wa Yesu walitaka kurudia hadithi

Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu. Akatuma watu mbele wamwandalie mahali katika kijiji cha Wasamaria. Wanakijiji wakakataa kumpokea kwa sababu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Ni mambo ya kabila na mahali pa kuabudia, mnayafahamu. Yakobo na Yohana wakakasirika, wakamwuliza Bwana kama anataka waagize moto kutoka mbinguni uwateketeze watu wale.

Sasa jiulize: wazo la moto walilitoa wapi? Hawakuwa wametazama katuni. Hawakuwa na simu. Walilitoa kwenye hadithi waliyoisikia tangu utotoni. Ukisoma 2 Wafalme 1 utaona mfalme akimtumia Eliya afisa na askari hamsini, na moto ukashuka. Akatuma wengine, moto ukashuka tena. Na hayo yalitokea upande huo huo wa Samaria. Baadhi ya tafsiri za Luka zinamtaja Eliya kwa jina lake hapo hapo.

Hawa vijana walikuwa wameshika somo! Kifungu wanakijua. Mahali ni pale pale. Imani wanayo, kwa sababu hawakuuliza kama moto utashuka. Waliuliza tu kama Bwana anataka. Mwalimu wao wa sinagogi angewapa alama zote. Lakini Yesu aligeuka akawakemea.

Mpendwa, simama hapo kidogo. Eliya hakukemewa. Kitabu hakikukemewa. Waliokemewa ni watu waliochukua hadithi ya kweli wakaifanya kibali cha hasira yao. Na angalia kitu kimoja. Katika ile sura ya Eliya, mfalme alituma afisa wa tatu. Huyo alipiga magoti akasihi kwa ajili ya uhai wake na wa watu wake, na moto haukushuka. Yakobo na Yohana waliwakumbuka maafisa wawili wa kwanza. Wa tatu wakamsahau.

Kwa hivyo kwa yule mzazi wa pili nasema kwa heshima: ndiyo, hadithi ya Biblia inaweza kumfikisha mtu mahali ambapo Yesu anamkemea. Kama iliwapata mitume, itampata mtoto wa miaka saba.

2. Waliopima wameona nini?

Wengine mtasema, Pasta, hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu.

Mwaka 1961, huko Marekani katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwachukua watoto 72 wa umri wa miaka 3 hadi 6. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kupulizwa hewa, akimtukana na kumgonga kwa nyundo. Watoto hao walipoachwa na mdoli, wengi walimpiga vile vile, hata wakarudia maneno yale yale. Walioona mtu mzima mtulivu hawakufanya hivyo kwa kiwango hicho.

Mwaka 1965 akaongeza jambo. Safari hii watoto walionyeshwa filamu yenye miisho tofauti. Kuna walioona mpigaji akisifiwa na kupewa vitu vitamu, kuna walioona akiadhibiwa, na kuna walioona hakuna kinachofuata. Walioona akiadhibiwa walimwiga kidogo kuliko wengine. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, wa makundi yote waliweza. Maana yake wote walikuwa wamejifunza. Tofauti ilikuwa mwisho wa hadithi. Shika hilo neno, mwisho wa hadithi. Tutarudi kwake.

Na Biblia yenyewe je? Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Brad Bushman waliwapa wanafunzi wa vyuo vikuu kisa kilichotoka Waamuzi 19 hadi 21, cha yule mwanamke aliyeuawa na vita vya kulipiza kisasi vilivyofuata. Wengine waliambiwa kimetoka kwenye Biblia, wengine waliambiwa kimetoka kwenye maandishi mengine ya kale. Na wengine walisoma kisa chenye mstari unaosema Mungu ndiye aliyeagiza vita. Baadaye wakaingia kwenye mchezo ambapo mshindi anampigia mwenzake kelele masikioni, na anachagua mwenyewe kelele iwe kubwa kiasi gani. Walioambiwa ni Biblia, na waliosoma kwamba Mungu ameagiza, ndio waliochagua kelele kali zaidi. Kwa walioamini ilionekana zaidi, lakini hata kwa wasioamini ilionekana.

Hao ni watu wazima wa chuo, si watoto, na kelele si jiwe. Sitaki mtu atoke hapa akisema sayansi imethibitisha Biblia inaharibu watoto. Haijasema hivyo. Mtoto anayepigwa nyumbani kila siku, anayesikia baba na mama wakitukanana, ana mwalimu mwingine wa ukali kabla hajafika shule ya Jumapili. Lakini tusijifanye hatusikii. Mtu akiambiwa ukali huu una baraka za Mungu, mkono wake unakuwa mwepesi.

3. Mfilisti ni nani?

Mimi chuoni nilisomea biashara. Katika somo la soko tulifundishwa kwamba bidhaa moja ukiibadilishia pakiti na jina, mteja anaiona ni kitu kingine kabisa. Unga ni ule ule, pakiti ndiyo imebadilika.

Miaka ya 1960, mwanasaikolojia George Tamarin alifanya jambo kama hilo kule Israeli. Aliwapa watoto wa shule zaidi ya 1,000, wa miaka 8 hadi 14, kisa cha Yoshua na Yeriko, akawauliza kama Yoshua na watu wake walifanya sawa au la. Asilimia 66 walisema walifanya sawa kabisa. Asilimia 26 walisema hapana kabisa. Halafu akawapa watoto wengine wa huko huko kisa kile kile, ila jina la Yoshua akaliondoa akaweka Jenerali Lin, na Israeli akaiweka ufalme wa kale wa China. Sasa waliosema ni sawa kabisa walikuwa asilimia 7 tu, na asilimia 75 walikataa kabisa.

Unaona? Watoto hawa walijua vizuri kwamba kuua ni vibaya. Ujuzi huo ulikuwa ndani yao. Ulilala pale waliposikia kwamba aliyeshika upanga ni wa kwetu.

Wapendwa, hapa Kenya sisi si wageni wa jambo hili. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani, wanawake na watoto wakiwemo. Sisemi waliochoma walitoka kwenye hadithi za Biblia. Ilikuwa siasa, mashamba, na maneno yaliyosemwa miaka mingi juu ya "wale watu". Lakini kanisa halikuwa ngao, na wengi wetu tuliona siku hizo kwamba ukiri wa wokovu haukutosha kumfanya mtu amlinde jirani wa kabila lingine.

Basi swali la kwanza la mwalimu wa watoto ni hili: baada ya somo, mtoto atamwita nani Mfilisti? Watoto hawaachi cheo kikae wazi. Daudi anamtaka Goliathi. Usipowaambia Goliathi ni nani, watamtafuta, na watampata yule mnene, yule maskini, yule mwenye lafudhi, yule ambaye baba yake anasali kwingine.

4. Tusiishie kwenye jiwe

Kwa yule mzazi wa kwanza nasema hivi: nakuelewa, lakini kuziondoa hadithi si dawa. Mtoto ataisikia hadithi ya Daudi kwingine, na huko labda haitakuwa na mwisho. Kuna vifungu vya kusubiri, hilo nakubali. Waamuzi 19 si ya watoto. Lakini Daudi tutamfundisha. Tutamfundisha wote.

Niliketi na walimu tukapitia vitabu vya muhula huu. Masomo mengi yanaisha pale adui anapoanguka: jiwe limegonga, ukuta umeanguka, tupige makofi, tuimbe, twende tukanywe juisi. Ni kama mhasibu anayekuonyesha pesa zilizoingia na kuuficha ukurasa wa zilizotoka. Hicho si kitabu cha hesabu.

Fungua ukurasa wa pili wa Daudi. 1 Samweli 24, yuko pangoni na Sauli anayemwinda ameingia peke yake. Ana upanga, na wenzake wanamwambia hii ndiyo siku aliyopewa na Mungu. Daudi akakata pindo la vazi tu, na hata kwa hilo moyo ukamchoma. Endelea hadi 1 Mambo ya Nyakati 22. Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, na Mungu anamkatalia kwa sababu amemwaga damu nyingi. Mtoto akisikia na hilo, atajua kwamba hata vita vya shujaa vina gharama mbele za Mungu.

Yeriko nayo. Kabla ya ukuta kuanguka, katika Yoshua 5, Yoshua anakutana na mtu ameshika upanga, anamwuliza kama yuko upande wao au wa adui. Yule mkuu wa jeshi la Bwana anajibu kwamba hayuko upande wowote kati ya hizo. Amekuja kama mkuu wa jeshi la Bwana. Mfundishe mtoto hilo: Mungu si mchezaji wa timu yetu. Halafu mfundishe Rahabu, mgeni, mwanamke ambaye watu walimdharau, aliyeokolewa na jamaa yake wote. Nenda Mathayo 1 umwonyeshe jina lake katika ukoo wa Yesu.

Na sitawaficha: kifungu kinasema watu wa mji ule waliuawa, wakubwa kwa wadogo. Ni kifungu kigumu. Siku moja mtoto atauliza, "Mwalimu, na watoto wa Yeriko je?" Tafadhali usimnyamazishe. Usimwambie hilo ni swali la shetani. Mtoto anayewahurumia watoto wa Yeriko ana moyo laini, na moyo huo ndio tunaoutafuta. Mwambie ni swali zuri, hata wazee wanalibeba, na kwamba Yesu alipokuja aliwaita watoto waje kwake.

Halafu kuna hadithi ambazo hatuzimalizi kabisa. 2 Wafalme 6. Washami wamemzunguka Elisha usiku, mtumishi wake anaogopa, anafunguliwa macho, anaona farasi na magari ya moto mlimani. Hapo ndipo tunapofunga kitabu! Soma mbele, ndugu yangu. Maadui wanapofushwa macho, Elisha anawaongoza mpaka katikati ya Samaria. Mfalme anauliza kama awapige. Elisha anakataa, anasema wapewe chakula na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudi kwao. Na sura inasema vikosi vile vya Washami havikuja tena kuvamia nchi ya Israeli. Magari yote yale ya moto, na vita vikaishia mezani.

Je, mtoto wako anaijua hiyo? Wewe je?

5. Wanasikiliza tukiomba

Sasa nivumilieni, hapa napita karibu na miguu yetu.

Hatuwafundishi watoto hadithi kwa vitabu tu. Tunawafundisha kwenye kesha. Tunawafundisha sebuleni saa kumi alfajiri tukidhani wamelala. Mama anaomba, "Moto! Moto uwashukie! Wanaoshindana na mimi waanguke!" Mtoto yuko chini ya blanketi anasikiliza. Naye anajua mama alikosana na nani kwenye ploti. Anajua mlango wa huyo adui. Kesho yake anacheza na mtoto wa mlango huo.

Mimi naamini vita vya kiroho. Nimewaombea watu wakafunguliwa, na nitaendelea kuomba kwa nguvu. Lakini Paulo katika Waefeso 6:12 ametuwekea mpaka: kushindana kwetu si na watu wenye damu na nyama. Ukitaja giza, taja giza. Ukitaja Mama Fulani, huyo ana damu na nyama, na Bwana amekwisha kutuambia katika Mathayo 5:44 la kufanya juu yake: tumpende, tumwombee.

Mtoto hawezi kutenganisha roho na mtu kama hujamsaidia. Akisikia "adui", anatafuta uso.

6. Moto wa pili

Yohana, yule aliyetaka kuwachoma Wasamaria, hadithi yake haikuishia kwenye kukemewa. Fungua Matendo 8. Habari zimefika Yerusalemu kwamba Samaria imelipokea neno la Mungu. Mitume wanawatuma wawili, na mmoja wao ni Yohana! Anarudi Samaria. Anaweka mikono yake juu ya watu wa kabila lile lile lililomfungia mlango Bwana wake. Nao wakampokea Roho Mtakatifu. Na wakirudi, mstari wa 25, wakahubiri katika vijiji vingi vya Wasamaria.

Sisi ni watu wa Pentekoste. Tunaomba moto kila Jumapili. Yohana aliomba moto juu ya Samaria, na mwishowe Samaria ilipata moto. Ila si ule alioagiza yeye. Kama Yesu angemkubalia siku ile ya kwanza, Matendo 8 asingekuwa na mtu wa kumwekea mikono. Wangekuwa majivu.

Huo ndio moto wa kuwapa watoto wetu. Amina?

Kazi ya wiki hii

Wazazi: chagueni jioni moja, zimeni runinga, msome 2 Wafalme 6:8–23 pamoja na watoto. Waulize: kwa nini Elisha aliwapa chakula? Wewe ungempa nani? Usiwajibie.

Walimu wa shule ya Jumapili: kuanzia Jumapili ijayo, hakuna somo la vita litakalofungwa kabla watoto hawajasikia kilichofuata. Tukiigiza, hakuna mtoto atakayepewa kuwa adui. Adui atakuwa picha ya kuchorwa ukutani. Na neno "Mfilisti" halitumiki kumwita mtu katika uwanja huu. Mwalimu akilisikia, asimamishe mchezo na azungumze nao hapo hapo.

Wote: kabla ya kulala, tajeni mbele ya watoto jina la mtu mmoja ambaye mmekosana naye, na mmwombee mema kwa sauti. Itakuwa ngumu. Fanyeni hivyo hivyo.

Tuombe

Baba, umetupa watoto hawa, na Neno lako, na ndimi za kulisimulia. Tuepushe na kukata hadithi zako pale hasira yetu inapopendezwa. Uwaponye watoto walioumizwa ndani ya nyua zako, na uwarudishe nyumbani mwako bila hofu. Wape watoto wetu ujasiri wa Daudi na mikono yake ile ya pangoni. Ushushe moto wako juu ya wale tuliowafungia mlango, na juu yetu pia. Katika jina la Yesu. Amina.